Mchezo wa nne ni jembe

Kuna sentensi ambayo waandishi wa michezo tumeichosha kwa kuirudia: mtoto wa shamba amezaliwa na mazoezi mwilini. Anakwenda shule kwa miguu, anachota maji, anaendesha baiskeli iliyobeba gunia, anachezea ziwani tangu hajang'oa meno ya utoto. Mpe viatu tu, tunaandika, atakuletea medali.

Ukisimama Bugwema asubuhi, sentensi hiyo inakushawishi. Kata hii ya Musoma Vijijini, yenye vijiji vya Bugwema, Masinono, Muhoji na Kinyang'erere, imekaa kwenye bonde la kilimo, Bunda jirani, Butiama si mbali, na Ziwa Victoria likiwa ndilo tumaini la kila anayezungumzia umwagiliaji. Maji yapo, barabara ya vumbi ipo, baiskeli zipo. Aliyewahi kuona traiathloni kwenye televisheni, mchezo ule wa kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio, vyote vikifuatana bila kupumzika, anaweza kuapa kwamba ungebuniwa hapa.

Ulibuniwa San Diego, Marekani, Septemba 1974, na wakimbiaji waliotaka kitu cha kuondoa uchovu wa kuzunguka uwanja. Februari 1978 watu 15 walijitosa Hawaii katika ule uliokuja kuitwa Ironman: kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli, kisha marathoni nzima. Walimaliza 12. Mshindi, Gordon Haller, alitumia muda unaokaribia saa 12. Mchezo ukaingia Olimpiki Sydney mwaka 2000, kwa umbali wa kibinadamu zaidi: kilomita 1.5 majini, 40 kwenye baiskeli, 10 kwa miguu. Ipo pia nusu ya Ironman, kilomita 1.9, 90 na 21.1, na hiyo ndiyo iliyobisha hodi kwa majirani zetu: Agosti 2022 ilifanyika kwa mara ya kwanza Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Mtu wa Mara ana haki ya kuuliza: Kivu ni ziwa na Victoria ni ziwa, mbona wao na si sisi?

Kwa upande wa mbio hatuna deni. Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, hapo hapo jirani, mwaka 1953. Mwaka 1980 kule Moscow alichukua fedha ya mita 5,000 akitumia dakika 13, sekunde 21.60, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Miaka saba baadaye alishinda marathoni ya Berlin, na mwaka uliofuata akaishinda tena, akiwa na umri wa miaka 35. Ukitaka baiskeli, waendeshaji wa msafara wa Twende Butiama huondoka Dar es Salaam na kuvuka mikoa hadi nyumbani kwa Mwalimu Nyerere. Na Mwalimu mwenyewe, Oktoba 1967, akiwa na miaka 45, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha: zaidi ya kilomita 200 kwa siku nane.

Matembezi yale yana somo ambalo wanariadha wengi hulijua wakiwa wameshaumia. Kilomita 25 na ushei kwa siku, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na anaoandamana nao, kisha kulala, kisha kuamka na kurudia. Ndivyo msingi wa stamina unavyojengwa: mwendo mwepesi, mara nyingi. Ila mwaka huo huo kijana Seth Benjamin alifariki njiani akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kwa nia ile ile. Moyo wa kujitolea na mwili ulioandaliwa ni vitu viwili, na kimoja hakilipii kingine.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi yetu, kwa sababu nadhani ni ya uongo, na uongo wake unaumiza watu.

Tumchukue binti wa kufikirika wa Kinyang'erere. Ana miaka 22, kilo 55, mbio anaziweza, baiskeli ya kaka yake inapatikana jioni, na ameamua kujaribu traiathloni fupi: mita 750, kilomita 20, kilomita 5. Anapata ratiba ya mazoezi kwenye simu. Ratiba imeandikwa na mtu ambaye mchezaji wake hufanya kazi ofisini, ameketi. Jumatatu kuogelea, Jumanne mbio, Jumatano baiskeli, na kadhalika. Binti anaifuata kwa uaminifu. Wiki ya tano muundi unauma, wiki ya saba hawezi kushuka kitandani bila kushika ukuta, na majirani wanasema walijua.

Ratiba haikuwa mbaya. Haikujua tu kwamba kabla ya mbio za jioni kulikuwa na jembe.

Mtafiti mmoja Mmarekani, Carl Foster, alieneza njia rahisi ya kupima mzigo wa mazoezi, isiyohitaji saa ya kisasa wala mkanda wa kifuani. Chukua dakika ulizofanya kazi, zidisha kwa ugumu uliousikia mwenyewe, kuanzia 0 hadi 10. Basi. Tumfanyie hesabu binti wetu siku moja ya msimu wa kilimo. Jembe saa tatu, yaani dakika 180, ugumu 5: alama 900. Maji, safari tatu na ndoo ya lita 20 kichwani, jumla dakika 90, ugumu 4: alama 360. Jioni mbio dakika 50, ugumu 5: alama 250. Jumla 1,510, na kile anachokiita mazoezi ni sehemu moja tu kati ya sita. Anayemwambia "ongeza bidii" anaangalia zile 250.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu wa Bugwema hauhusu viatu wala baiskeli. Nunua daftari la shule, piga mistari minne: majini, baiskeli, mbio, jembe. Traiathloni ina michezo mitatu; yako ina minne. Jumla ya wiki isipande kwa kuruka. Mvua za kwanza zikinyesha na plau ikaingia shambani, safu ya nne inavimba, na lazima tatu za mwanzo zisinyae. Wakati wa kulima na palizi, mara mbili kuogelea na mara moja baiskeli nyepesi zinatosha. Jembe lenyewe linabeba stamina. Mazoezi mazito yawekwe kiangazi, Juni hadi Agosti, mavuno yakishaingia ndani. Ndio maana mashindano ya Agosti yanamfaa mkulima wa ukanda huu kuliko ya Aprili.

Wapo watakaobisha kwamba jembe ni mazoezi tosha ya viungo. Ni kazi, naam. Lakini mazoezi huisha mwili ukiwa umebakiza nguvu za kujijenga, na palizi huisha magugu yakiisha. Tena jembe na baiskeli ya mashindano hukunja mgongo mahali pamoja. Aliyeinama shambani asubuhi kisha akainama juu ya usukani jioni ameinama kutwa, na kiuno hakijui kwamba kuinama kwa pili kulikuwa mchezo.

Nije majini, ambako ndiko wengi wetu tunakwama, japo tumezaliwa tukiliona ziwa.

Kuishi kando ya maji si kujua kuogelea. Watu wa kanda ya ziwa tunalijua hilo kwa uchungu: MV Bukoba iliyozama Mei 1996, MV Nyerere karibu na Ukara Septemba 2018, na Julai 2023 mitumbwi iliyozama Igundu, wilayani Bunda, ikiwa na waumini waliokuwa wakitoka ibadani. Wapo wavuvi waliotupa nyavu miaka 20 ambao wakianguka hawawezi kujiokoa mita 50. Kwa wasichana ni zaidi, kwa kuwa ufukweni huenda kufua na kuchota, si kucheza. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukifundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri, na somo la mwanzo si kupiga mikono: ni kuelea chali na kupumua.

Mpangilio huo ni sahihi hata kwa mwanariadha. Anayejua kukimbia akiingia majini hutaka kushinda kwa nguvu. Anapiga miguu kama anayefukuzwa, kichwa kimeinuka kutafuta hewa, na kichwa kikiinuka kiuno kinazama, anakuwa anavuta mwili wake kama jahazi lililotia nanga. Maji hayapigwi kwa hasira. Uso utazame chini, pumzi itolewe kidogo kidogo ndani ya maji, kisha kichwa kigeuke pembeni pamoja na bega kuchukua hewa. Mwezi mzima wa kwanza uwe wa kuelea, kupumua na kuteleza. Madumu matupu yaliyofungwa vizuri vifuniko yanafaa kushikilia wakati wa kujifunza kupiga miguu, mradi mtu asiende nayo kina kirefu.

Na ziwa letu lina wenyewe. Mamba na viboko hawahitaji maelezo. Kichocho kinahitaji. Kichocho cha tumbo huanzia kwa konokono wanaoishi kwenye majani ya kingo. Kutoka kwao hutoka mabuu wasioonekana kwa macho, hasa jua likiwa kali, karibu na mchana, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Hapo ndipo mtu anapotegwa. Mamba ni hatari zaidi giza linapoingia na kabla hakujapambazuka, mabuu ni wengi mchana. Saa za katikati, asubuhi jua likiwa limeshatoka lakini halijachoma, ndizo zenye nafuu. Nafuu kubwa zaidi ni mahali: mbali na matete, kwenye maji ya kina yaliyo wazi, ukishuka kutoka kwenye mtumbwi na mtumbwi ule ukikufuata ubavuni na mtu makini ndani yake. Waulize wavuvi wapi viboko wanapolala. Wao hawabahatishi, nawe usibahatishe. Peke yako usiingie kamwe.

Hata hivyo unaweza kukipata kichocho. Dalili yake kwa mwanariadha ni ya kijanja: uchovu usioisha, muda unaopungua ubora wiki hadi wiki, tumbo la mara kwa mara, damu kidogo chooni. Anadhani amelegea, anaongeza mazoezi. Akapime. Dawa, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mwili, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na haiwezi minyoo wachanga; ndiyo maana kupima hufaa wiki sita hadi nane baada ya kuingia kwenye maji yenye mashaka. Kumeza kabla ya kuogelea ili kujikinga ni kupoteza dawa. Malaria nayo hula damu kwa njia yake, na anayetoka kuugua asirudi mbioni siku homa inaposhuka. Kanda ya ziwa pia ina siko seli kwa wingi. Hata aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, na anayejisikia mzima kabisa, anapaswa kulijua hilo kabla ya kujisukuma juani hadi kuishiwa.

Baiskeli nitaipita haraka, maana ni chuma na chuma hurekebishika. Maumivu mengi ya goti kwa waendeshaji wa huku yanatokana na siti kuwa chini mno: baiskeli ni ya mtu mwingine, au imeshushwa ili miguu ifike ardhini ukiwa na abiria kwenye keria. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti litabaki limekunjwa kidogo, inavyotakiwa. Siti ya chini huumiza mbele, kwenye pia ya goti. Ya juu mno huumiza nyuma. Kofia ngumu ni lazima, kwa sababu ya malori na pia kwa sababu ya mbuzi.

Kinachowashangaza wanaoanza si baiskeli wala mbio, ni mpito kati ya hizo mbili. Ukishuka na kuanza kukimbia, miguu inakuwa magogo. Misuli ilishazoea kuzunguka, ghafla inatakiwa kubeba. Hakuna ujanja isipokuwa kuzoea: mara moja kwa wiki, baiskeli dakika 40 kisha mbio dakika 10 pale pale, mwendo mdogo. Mbio zako nyingine nyingi ziwe za kuweza kusimulia kisa kizima bila kukatiza. Kasi ifanywe mara moja kwa wiki, kwa kukusudia, ikiwa safu ya jembe iko tupu. Wiki mbili kabla ya mashindano punguza wingi wa mazoezi hata kwa nusu. Kijijini hilo ni gumu kuliko mazoezi yenyewe, kwa kuwa ukionekana umekaa utapewa kazi.

Chakula. Hapa sina simile na matangazo ya makopo ya unga wa nje. Binti wetu wa kilo 55 anahitaji, siku ya mazoezi ya kutosha, kama gramu 6 za wanga kwa kila kilo ya mwili, jumla 330. Nusu kilo ya unga wa nafaka ina wanga wa kuzidi kidogo kiasi hicho. Uji asubuhi, ugali mara mbili, kazi imekwisha. Tatizo la Bugwema mara chache ni wanga. Ni kwamba unaliwa wote usiku. Mtu analima kwa chai ya rangi, anakimbia jioni na tumbo tupu, kisha saa tatu usiku anakula mlima. Saa tatu za jembe pekee humtoa binti huyu kalori zinazokaribia 800. Uji wa ulezi au mtama kabla ya shamba, na viazi vitamu viwili vya kuchemsha saa moja kabla ya mbio, hubadilisha jioni yake bila kuongeza senti.

Protini ndiyo yenye mahesabu. Kama gramu 1.6 kwa kilo, yaani 88 kwa siku, ikigawanywa katika milo. Hapa ziwa linatulipa. Gramu 50 za dagaa wakavu zina protini karibu 30, pamoja na chokaa ya mifupa kwa kuwa wanaliwa wazima, miiba na yote. Dagaa mchana, dagaa usiku, sahani ya maharage, vikombe viwili vya maziwa: umefika. Sangara anunuliwe na wenye mashaka.

Muhogo nao usemwe ukweli. Unajaza tumbo, una wanga wa kutosha, lakini protini yake ni kidogo sana, na ule mchungu usipolowekwa na kukaushwa ipasavyo hubaki na sumu ya sianidi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime, mkoa huu huu wa Mara, watu walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo: muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka ya njaa, na mboga yenye protini hakuna. Bibi zetu waliochanganya unga wa muhogo na mtama na kuweka dagaa pembeni hawakuwa wakibahatisha. Chai isubiri saa moja baada ya mlo, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na damu ya mkimbiaji wa kike haina chuma cha kuchezea.

Safarini, baiskeli ikizidi saa moja na nusu, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ina kama 25. Kijiko kikubwa cha asali kina 17. Kinywaji kitengenezwe nyumbani: lita ya maji safi, vijiko 12 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, ndimu ukipenda. Angalia, huo si ule wa kumpa mtoto anayeharisha. Wa mtoto ni sukari vijiko sita, na ukizidisha unamzidishia ugonjwa. Kunywa kwa kiu. Wapo waliokufa kwenye marathoni nje huko kwa kunywa maji mengi kupita kiasi, chumvi ya damu ikazimuliwa. Kujua unapoteza kiasi gani, jipime kabla na baada ya saa moja ya mazoezi. Kilo iliyopungua ni lita iliyotoka. Mzani wa zahanati utafaa. Wa pamba pia utafaa, kama karani ana subira.

Maumivu sasa. Watu wa Mara tumelelewa kutoyataja, na ninalisema hilo nikijua kwamba nusu ya nyumba yangu itaguna. Tuna mashujaa wa hilo. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka Mexico mwaka 1968, goti likaumia, akafungwa bandeji na kumaliza marathoni wa mwisho, giza limeingia. Ilikuwa Olimpiki. Mazoezi ya Jumanne hayana heshima hiyo, na anayekimbia na goti bovu Jumanne hatakuwapo Jumamosi.

Andika maumivu kwenye daftari, 0 hadi 10. Hadi 3, yakiwa yametulia kesho yake asubuhi, endelea kwa upole. Yakipita hapo, au yakikufanya uchechemee, acha mchezo unaoumiza na ubaki na ile mingine. Hiyo ndiyo raha ya traiathloni, kwamba mguu mbovu hauzuii bega kufanya kazi. Lakini yapo maumivu yasiyojadiliwa. Ukiweza kuyagusa kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa wa muundi, yakakuamsha usiku, na kuruka kwa mguu mmoja kukakufanya upige kelele, huo huenda ni ufa wa mfupa. Wiki sita hadi nane bila mbio, na kipimo hospitalini. Kwa mwanamke ongeza swali: je, hedhi imekatika? Mwili unaokula kidogo kuliko kazi hufunga kwanza vitu unavyoona si vya lazima, kisha hukopa kwenye mifupa. Mama akiona binti "amependeza, amepungua," wakati hedhi haipo miezi mitatu, hilo ni jambo la daktari.

Kuteguka enka kuna tabia zake huku: maji ya moto, kukandwa na mwenye mkono mzito, siku ile ile. Siku mbili tatu za mwanzo mwache mtu. Funga, inua mguu, tembea kadiri uwezavyo bila kuchechemea sana; kuchua kusubiri. Barafu hupunguza maumivu, na anayefahamiana na wenye magari ya samaki ataipata, lakini Gabe Mirkin, daktari aliyeieneza mwaka 1978, mwenyewe alikuja kusema kwamba inaweza kuchelewesha kupona. Kinachoponya kano ni kazi iliyopimwa. Håkan Alfredson, daktari wa Sweden, aliugua kano ya kisigino, na bosi wake akakataa kumpasua. Kwa hasira akaamua kuitesa kano ile hadi ikatike ili apasuliwe. Ikapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15: kusimama ukingoni mwa ngazi, kushusha kisigino polepole, mara 180 kwa siku, wiki 12, wote walirudi kukimbia. Kizingiti cha mlango kinatosha.

Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vinavyouzwa kama peremende vina gharama kwa figo, hasa ukivimeza kabla ya mashindano marefu ukiwa umekauka maji. Vinaficha tu. Mimi nilivimeza miaka fulani ili nimalize mbio za kilomita 21 ambazo hakuna aliyenilazimisha kukimbia, nikamaliza, na miezi minne iliyofuata nilipanda ngazi kinyumenyume.

Binti wetu wa kufikirika, akirudi nyuma na kuanza upya na lile daftari, ukurasa wake wa wiki ya tano utasomeka hivi. Majini, mara mbili, anaweza sasa kupumua kila mpigo wa tatu. Baiskeli, mara moja, siti imepandishwa vidole viwili. Mbio, mara mbili, nyepesi. Jembe, siku nne. Muundi wa kushoto, 2, ulitulia asubuhi. Chini kabisa, kwa kalamu ya risasi: "Jumapili, pumziko." Na pembeni mwandiko mwingine, mkubwa zaidi, wa mama yake aliyelikuta daftari mezani: "Palizi je?"